Kungoja Maji Yapwe Mlimani

Mamangu alipofika hali ya kulala mchana kutwa, alibaki na swali moja. Niingie na uji, "Mwenzio yuwapi?" Nimgeuze ubavu, "Mwenzio yuwapi?" Nimfute uso kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, atafungua macho, anitazame vizuri, anijue kabisa kuwa ni mimi, kisha aniulize: "Mwenzio yuwapi? Mlete."

Mwenzangu ni ndugu yangu, mdogo wangu kwa miaka mitatu. Mama alituzaa sisi wawili tu. Wakati huo, katikati ya miaka ya tisini, alikuwa bara, juu ya Mlima Kenya, akiwapikia wageni waliotoka makwao kuja kupanda mlima kwa hiari yao. Kambi yao ilikuwa kando ya ziwa, juu huko ambako miti imekwisha. Alikuwa na mwaka wa nne hajarudi nyumbani. Hakufukuzwa na mtu wala hakugombana na mtu. Aliondoka tu, kama mtu atokaye kwenda kununua sigara.

Mimi nilibaki. Nilikuwa nikiuza leso katika duka la mtu Biashara Street, nikimfungulia kila mwanamke jozi kumi ili anunue moja au asinunue kabisa, na jioni nikirudi Mji wa Kale kumpikia mamangu na kumuosha. Nasema kweli, swali lile lilinichoma. Siku moja nilimjibu, "Mimi je, mama? Mimi si mtu?" Akanitazama kwa mshangao, kama niliyemuuliza kama ukuta ni ukuta. Nilitoka chumbani nikaenda kukaa ngazini, na hasira zangu na bakuli la uji mkononi.

Daktari alikuwa ametuambia tumrudishe nyumbani apumzike. Aliyasema kwa upole sana, na mimi na mamangu mdogo, dadake mama, tukatazamana tukafahamu.

Nilipiga simu. Ndugu yangu alikuwa ametuachia nambari ya duka moja lililo chini ya mlima, pale msitu unapoanzia. Nilisimama kwenye simu ya duka letu, tajiri wangu akijifanya hasikii, nikamwambia mwenye duka la huko: mpishi wa kambi ya ziwani mamake yu mahututi, aambiwe arudi. Yule bwana akasema, "Sawa. Mtu akipanda nitamtuma." Basi, akaweka simu.

Mbona nikaona simuamini! Hakuniuliza hali. Hakuuliza mgonjwa anaumwa nini, wala kuniambia pole, wala kuomba Mungu amponye. Kwetu, mtu akipokea salamu nzito vile bila kuuliza lolote, ni kama mtu aliyepokea mzigo akauweka njiani. Utakwenda zako ukijua haufiki. Nikasema huyu ujumbe wangu ashausahau. Nitakwenda mwenyewe.

"Usende, mwanangu," akasema mamangu mdogo. "Ushapiga simu. Kaa na mamako."

"Nimtafute mtoto wake au nisimtafute? Si amtaka?"

"Amtaka, ndiyo. Lakini wewe kaa."

Sikukaa. Nataka kusema nilikwenda kwa ajili ya mamangu, na ni kweli, lakini kulikuwa na jingine pia. Nilitaka niingie mlangoni na yule mtoro nimemshika mkono, niseme, haya mama, huyu hapa, nimekuletea mimi. Nilitaka anione nimemleta. Niliinama kitandani nikamwambia nakwenda kumchukua. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi, akasema, "Usikawie."

Pale Mwembe Tayari, kabla ya kupanda basi, nilinunua raba na koti la mtumba. Muuza koti akanicheka. "Wenda bara, yakhe? Chukua hili zito." Nikalichukua bila kulitazama, maana basi lilikuwa likinguruma. Nilikuwa nishavuka Voi nilipogundua kuwa vifungo vyake viko upande wa kike.

Niliondoka Jumapili jioni. Jumatatu alasiri nilikuwa katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya chai na kahawa, nikitetemeka na koti langu la kike, nikaulizia lile duka. Lilikuwa limefungwa, mwenyewe ameenda mazishini mahali. Mwaona? nikajiambia, simu yangu imekwisha hivyo. Nikalala katika nyumba ya wageni, na Jumanne alfajiri nikaanza njia.

Kwenye lango la msitu palikuwa na askari anayeota moto. Alinitazama kutoka kofia hadi raba. Nikamwambia si mtalii, nakwenda kumchukua ndugu yangu ziwani, mamake mgonjwa. Akaniruhusu nipite.

"Habari ya njia?" nikamuuliza.

"Njia iko sawa. Kuna matope kidogo."

"Na maji?"

"Kuna mto mmoja. Ukifika kwa mti mkubwa, shika kushoto. Usishike kulia."

Nikamshukuru, nikaenda nikirudia moyoni: mti mkubwa, kushoto. Mambo rahisi kabisa.

Sasa, matope kidogo ya watu wa mlimani ni matope ya magotini. Njia ilikuwa mfereji uliochimbwa na miguu na kwato, umejaa uji mweusi, na katikati yake mizizi imepita kama kamba za kunasa watu. Ukikanyaga pembeni, unateleza unarudi katikati. Ukikanyaga katikati, mguu unaingia na raba inabaki. Nilitia mkono kwenye tope mara tatu kutafuta raba yangu ya kushoto. Mara ya nne nikaitukana, na ni Mungu tu aliyesikia.

Kisha kukaja mianzi. Mianzi imeinamiana juu, chini ni giza la kijani, na kila nikigusa mmoja unanimwagia maji ya shingoni. Palikuwa na mavi ya nyati njiani, yakitoka moshi. Sikuwa na la kufanya na habari hiyo, nikaendelea.

Kilichonichanganya zaidi ni kuwa sikujua niko wapi. Mombasa mtu hapotei. Kisiwa kile, popote ulipo, bahari unaijua iko upande gani, hata ukiwa chumbani umefunga madirisha. Unaijua kwa upepo na kwa harufu. Mle msituni hapakuwa na upande. Ukungu ulishuka, jua likafutika, na njia niliyoambiwa ni ya kupanda ikawa inashuka. Njia ya kupanda mlima yashuka vipi? Nikasimama, nikageuka, nikaona nyuma nako kunashuka. Wallahi nilikaribia kulia. Wakati wa adhuhuri ulipofika, kwa makisio yangu maana adhana ya kuniambia haikuwapo, nilitandika koti nikaswali kuelekea nilikodhani ndiko kibla. Nilipomaliza nikadhani siko. Nikaswali tena kuelekea upande mwengine.

Na ule mti mkubwa? Miti yote ilikuwa mikubwa! Kulikuwa na miti ambayo watu wanne hawangeweza kuikumbatia, yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia, mmoja baada ya mwengine. Nikifika kwenye kila mmoja natafuta kushoto, sioni kushoto. Mahali fulani njia iligawanyika, na palikuwa na mti, lakini haukuwa mkubwa kuliko wenzake. Kushoto kulikuwa na kijia chembamba kinachopanda kwenye vichaka. Kulia kulikuwa na njia pana, wazi, yenye alama nyingi za miguu, ingawa nilipozikumbuka baadaye nyingi zilikuwa za kwato. Nikashika kulia.

Nikatokea mtoni. Ilikuwa kama saa nane.

Ulikuwa mto wa kahawia, una haraka, upana wake kama barabara yetu ya Biashara Street kutoka duka hadi duka. Mvua ilikuwa ikinyesha mahali fulani juu. Ng'ambo niliiona njia ikiendelea kupanda. Katikati ya mto mawe makubwa yalikuwa yakionekana kidogo tu chini ya maji, na nikaona kuwa maji yakipungua dhiraa moja, mtu atavuka kwa kurukaruka na asilowe hata nguo. Na kwenye jiwe la upande wangu, juu ya maji, palikuwa na mstari wa unyevu, kama ule unaouona kwenye ukuta wa bahari. Maana yake maji yalikuwa juu zaidi na sasa yanashuka.

Nikasema, aha. Yaanza kupwa.

Msinicheke bado. Nilisoma shule Tononoka, na jiografia niliipita. Nilijua mito haijai na kupwa kama bahari, inateremka tu. Kichwa kilijua. Lakini aliyechoka, aliyesimama pale na tope hadi mapajani na ukungu machoni, hakuwa kichwa. Alikuwa mtoto wa Mji wa Kale, na mtoto wa Mji wa Kale anajua jambo moja kuhusu maji yaliyokuzuia njia: unakaa, yanaondoka.

Nyuma ya mtaa wetu, chini ya ukuta mrefu, kuna mawe ambayo maji yakipwa unaweza kupita ukazunguka hadi upande wa pili, na yakijaa hakuna njia. Mimi na ndugu yangu tulipokuwa wadogo tulikuwa tukipita pale kila siku. Tukikuta maji bado, tunavua viatu tunavipanga ubavuni, tunakunja suruali hadi magotini, na mimi nachomeka kijiti pale maji yanapoishia, tuone kama yaja au yaenda. Kisha tunakaa. Yaani mimi nakaa. Yeye hakuweza kukaa. Alikuwa akiparamia ukuta kwa kucha, akitafuta pa kupita juu, na mimi namvuta mguu. "Kaa! Yatapwa!" Mara moja tulichelewa kuangalia, maji yakarudi yakachukua viatu vyangu na vyake. Mamangu alitupiga sote wawili kwa kandambili yake, na tangu siku hiyo, tukitoka kwenda popote, hata msikitini, anatupigia kelele dirishani: "Viatu msiviache!"

Basi pale mtoni nilivua raba zangu, nikazipanga pamoja juu ya jiwe, mbali na maji, maana sauti ile bado niliisikia. Nikakunja suruali. Nikachomeka kijiti. Nikahesabu siku za mwezi; ulikuwa mwezi wa siku nane, na kwetu mwezi wa siku nane maji hupwa alasiri, na ni maji mafu, hayaendi mbali, lakini mimi nilihitaji dhiraa moja tu. Saa kumi na moja, nikasema, nitavuka. Nikajifunika koti kichwani nikakaa.

Na maji yalipungua! Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Baada ya muda kijiti kilikuwa kimesimama pakavu, upana wa vidole vitatu. Nikafurahi. Nikachomeka kingine. Kisha yakapanda tena yakafunika vijiti vyote viwili, nikashangaa, nikasema labda nimekosea siku za mwezi. Nikahesabu upya. Ndani ya kichwa kulikuwa na ukungu kama wa nje, na sikio la kulia likivuma. Mara nikasikia kama mtu anakohoa upande wa juu wa mto, nikageuza uso, nikaona weupe mtupu. Nikasema ni nyani. Nikarudi kutazama vijiti vyangu.

Nilikaa hivyo hadi mtu mmoja aliponitokea nyuma, amebeba mzigo wa mianzi kichwani.

"Mzee, umekaa hapo unafanya nini?"

Sikuwa mzee, nilikuwa na miaka thelathini na tano, lakini ni koti. "Nangoja maji yapungue nivuke."

"Yapungue saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Akautazama mto. Akanitazama mimi, miguu yangu mitupu, raba zangu zilizopangwa, vijiti vyangu. Aliniuliza kwa heshima kabisa, kama mtu anayeuliza habari ambayo huenda ilimpita, "Nani amekuambia?"

Nikakitazama kijiti changu.

"Wewe unatoka wapi?"

"Mombasa."

"Aa," akasema, na hilo likamtosha. "Njoo."

Alinirudisha nyuma kidogo, akanipitisha vichakani, na hatua mia moja juu, mia moja tu, nilizihesabu kwa uchungu, kulikuwa na gogo. Mti mzima, umelazwa kutoka ukingo hadi ukingo, umechongwa juu ukawa bapa, na kamba ya kushikia. Daraja zuri kabisa. Kila mtu anapita hapo, akasema. Watu wa huku wakikuta mto umejaa, wanatembea na ukingo hadi wapate pa kuvukia. Sikuwahi kulifikiria hilo. Bahari huwezi kutembea nayo ukingoni utafute mahali ilipo nyembamba. Ndiyo kwanza nikajua.

Juu ya gogo palikuwa na nyayo za tope, mbichi, zikielekea nilikotoka. Niliziona vizuri. Nikazikanyaga nikapita.

Nililala kwenye banda la wachukuzi ng'ambo ya mto, na asubuhi nikapanda. Miti ikapungua, ikafupika, ikaisha. Kukawa na nyasi ndefu zenye madimbwi katikati, na mimea ya ajabu mirefu kuliko mtu, imesimama kwenye ukungu kama watu waliojifunika mablanketi. Mara mbili niliitolea salamu. Kichwa kiliniuma kama kimefungwa kwa waya. Nikipiga hatua kumi napumzika, naanza kuhesabu upya, nasahau nilikuwa nahesabu nini. Nilimsikia mamangu akiniita kutoka jikoni, na jiko halikuwapo.

Kambi ilikuwa mahema manne na kibanda cha mabati. Mwanamume mmoja alikuwa akisugua sufuria. Nikamuuliza mpishi yuko wapi, yule wa Mombasa.

"Ameshuka. Jana mchana. Mchukuzi alileta habari kutoka dukani kwamba mama yake ni mgonjwa. Alitupa mwiko hapo hapo akaondoka mbio." Akanitazama. "Hamkukutana?"

"Njia ziko ngapi?"

"Njia ni moja."

Nilikaa chini. Yule mwenye duka, ambaye hakuniuliza hali, alikuwa amefikisha ujumbe wangu. Hakuusahau hata kidogo. Wa kutoaminika nilikuwa mimi.

Yule bwana akaniletea chai na sahani ya mahamri yaliyobaki. Yalikuwa ya jana, magumu kwa baridi. Nikamega nikala, na iliki ikanipanda puani: iliki nyingi, nyingi mno, kama anavyotia mamangu, ambaye sote wawili tulikuwa tukimcheka kwa hilo. Nilikuwa nimelia mara ngapi maishani, sijui, lakini kulia mbele ya mtu anayesugua sufuria ilikuwa mara ya kwanza. Akanigeuzia mgongo kwa adabu, akaendelea kusugua.

Ziwa lilikuwa hatua chache chini ya kambi. Nilikwenda kulitazama kwa sababu nilikuwa nimefika; ingekuwa ujinga zaidi kutolitazama. Ukungu ulijifungua kidogo nikaliona, la kijani lililokaribia weusi, limetulia kati ya majabali. Nilitafuta mstari wa maji kwenye mawe. Haukuwapo. Maji yale hayakuwa yakienda popote wala yakirudi. Nilisimama pale nikamkasirikia ndugu yangu kwa kushuka, wakati nilikuwa nimepanda hadi pale kumtaka ashuke. Sikuelewa hasira ile ilitoka wapi, na sasa pia sielewi.

Kisha nikageuka nikateremka mbio. Matope, mianzi, kila kitu. Gogo nililipita bila kuangalia kushoto wala kulia.

Niliteremka basi Mwembe Tayari Ijumaa asubuhi. Nilikuwa bado na koti. Muuza kahawa mmoja wa mtaani kwetu, ambaye kila siku hunipigia kelele za mzaha kutoka mbali, aliniona, akaweka dele lake la kahawa chini. Akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakufanya mzaha. "Mungu akupe subira," akasema. Nikamuuliza lini. Akasema jana asubuhi, na jana baada ya alasiri wakamzika.

Nilitembea hadi nyumbani. Mikeka ilikuwa imetandikwa nje, wanaume wa mtaa wamekaa, wakaninyanyukia mmoja mmoja. Katikati yao alikuwa ndugu yangu, mwembamba, mweusi kwa baridi ya huko, amevaa kanzu yangu kwa kuwa hakuwa na yake. Iliniudhi, ile kanzu. Mama amekufa, na mimi naudhika na kanzu.

Walipoondoka watu tukaingia chumbani kwa mama, sisi wawili. Kitanda kilikuwa kimevuliwa godoro. Mamangu mdogo alituletea chai akatoka. Nilijua neno analolizuia, na hadi amekufa hakulisema.

"Kaka," ndugu yangu akasema, "ulishika kulia."

"Wewe wajuaje?"

"Nilikuona."

Nikaweka kikombe chini.

"Nilikuwa juu ya gogo. Ilikuwa kama saa tisa. Nikatazama chini ya mto, ukungu ukajifungua kidogo, nikaona mtu amekaa ukingoni, amejifunika kitu kichwani. Viatu amevivua amevipanga ubavuni. Suruali magotini. Ana kijiti kwenye maji." Alikuwa akinionyesha kwa mikono, ubavuni, magotini, kama mimi sijui. "Hakuna mtu wa mlima akaaye vile, Kaka. Hakuna. Nikasimama nikakutazama muda mrefu. Nikakohoa."

"Mbona hukuniita?"

"Nilidhani sioni kitu. Mlima ule huonyesha watu mambo, ushakuwa huko, wajua. Na tangu nipate habari sikuwa nikifikiria lolote ila nyumbani. Nikasema, ni nyumbani hapo, ni moyo wangu tu. Nikiita nitakuwa nimeshikwa na wazimu. Nikashika njia." Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu yangu. "Nilipofika hapa, mamangu mdogo akaniambia umenifuata, ndipo nikajua. Nilikaa pale mlangoni, kwanza nikashindwa hata kuingia kumuona mama."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia pia, na sikujua ni lipi lianze, nikabaki nimekaa. Mwisho nikamuuliza nililokuwa naogopa kuuliza. "Alikujua?"

"Alinijua. Alifungua macho akanitazama vizuri kabisa. Nikasema, sasa atafurahi, maana mamangu mdogo ashanambia ulivyokuwa ukisumbuliwa, kila siku ni mimi tu." Akatikisa kichwa. "Alinitazama, Kaka, kisha akaniuliza: 'Mwenzio yuwapi? Mlete.'"

Nje watu walikuwa wakiingia tena, nikisikia viatu vikivuliwa mlangoni.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia yuwaja. Nilimwambia yuko ng'ambo, angoja maji yapwe."

"Naye?"

"Akasema haya. Akasema, 'Viatu asiviache.'"